Kosa la Baba Vifuani mwa Watu

Baba yangu ni mdarizi wa kanzu hapa Kisenyi, na hajawahi kukosea. Hayo ni maneno yake, si yangu. Nimeishi naye vya kutosha kujua kwamba amekosea mambo mengi, likiwemo shamba alilokataa kununua kwa sababu lilikuwa mbali na mji. Leo mji umelipita ukaenda zake. Lakini kwenye sindano nilikuwa nakubali. Lile darizi jekundu linaloshuka kutoka shingoni hadi kifuani, ambalo Kampala nzima inaliita omulera, yeye alilitia kwa mkono, kwa uzi wa hariri, kichwa kimeinama na ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Ulimi ukirudi ndani, ujue kanzu imekwisha.

Mababu zetu walikuja na misafara kutoka pwani, wakachoka kutembea, wakaanza kushona. Tangu hapo kila kizazi kimekuwa na mashine yake ya kugombana nayo. Babu alishona kanzu nzima kwa mkono, na cherehani ya kwanza ilipofika mtaani aliisusa. Aliuliza kanzu iliyoshonwa kwa miguu mtu ataingiaje nayo msikitini. Baba, kijana wakati huo, akainunua kwa siri akaificha kwa shangazi yake. Akawa anamletea babu kanzu zilizokwisha, na babu anazigeuzageuza na kusifu: mshono umenyooka, mashallah, huo ndio mkono wa ukoo wetu. Baba anapenda sana kuisimulia hadithi hiyo. Hucheka mpaka anakohoa.

Ilipofika zamu yake hakucheka.

Jirani yetu mmoja ni Mnubi, mnene, mcheshi, mtu asiyeweza kupita mlangoni kwako bila kusalimia hata paka. Alisafiri kwenda China kununua matairi, akarudi na mashine ya kudarizi ya kompyuta. Ina vichwa vilivyojipanga safu moja, kila kichwa na sindano zake, na vyote vinainuka na kushuka pamoja bila mtu kuvigusa. Siku ya kuiwasha alimwalika baba kwa heshima zote, akampa kiti cha mbele. Baba hakukaa. Alisimama, mikono nyuma, akachungulia chini kutafuta pedali.

"Anayeshona ni nani?" akauliza.

"Kompyuta, baba."

"Nayo inavaa miwani?"

Wateja wakahama. Siwalaumu. Kanzu ya baba ilichukua wiki kadhaa. Ya jirani uliisubiri huku unakunywa chai. Mimi nina duka la vitambaa mlango wa pili, kwa hiyo yote niliyaona. Nilimwona baba akifungua asubuhi, akifagia, akitunga uzi kwenye sindano, kisha akikaa nayo hivyo hivyo mpaka adhuhuri. Akishachoka kukaa, anakuja dukani kwangu kunifundisha kupima kitambaa, kazi niliyoianza kabla sijaolewa. Nilikuwa nakasirika, tena mbele ya wateja. Jioni nikirudi jikoni nalia kidogo, kwa sababu nilijua kinachomla. Nikawa namwomba Mungu jambo moja tu: aje mtu, hata mmoja, aagize kanzu ya mkono, kabla macho ya mzee hayajafunga duka lake.

Ikaja Idi. Baba alirudi kutoka msikitini, akaingia bila salamu, akakaa na kanzu yake mpya, hakugusa pilau. Pilau ya mama haikataliwi na mtu mwenye akili timamu, kwa hiyo mama akamshika paji la uso kuona kama ana homa.

"Una nini?"

"Msikiti mzima umevaa kosa langu," akasema.

Ilituchukua muda kumwelewa. Ukiwa kwenye safu ya swala unaona migongo tu. Baada ya hotuba ndipo watu hupeana mikono na kukumbatiana, na baba alipomwachia mtu wa kwanza aliona kifuani mwake, chini kidogo ya shingo, ua moja la darizi limelala upande, kama mtu aliyesinzia kwenye hotuba. Akajisemea kwamba ni bahati mbaya. Akamkumbatia wa pili: ua lile lile, limelala vile vile. Basi akaanza kukumbatia watu asiowajua ili ahakikishe. Wengine, alisema, walishangaa kwa mapenzi aliyokuwa nayo.

Chanzo tulikipata kwa jirani siku hiyo hiyo, alipokuja kutupa mkono wa Idi. Alipotaka mfano wa kuipa mashine, alichukua kanzu aliyoipenda kuliko zote, ile aliyokwenda nayo ukweni yeye mwenyewe, kazi ya mkono wa baba. Akaipiga picha, na kompyuta ikaifuata uzi kwa uzi. Aliifanya kwa nia njema kabisa. Ila kati ya kanzu zote alizodarizi baba maishani mwake, hiyo ndiyo iliyopinda. Baba alisema aliyemkosesha ni jirani mwenyewe, aliyekuja dukani siku ile kusimulia habari za wakwe zake mpaka yeye akainua kichwa kumjibu. Mama alisema baba alisinzia. Walibishana mpaka alasiri, na jirani akala pilau ya wote wawili.

"Kosa la mkono analivaa mtu mmoja," baba alilalamika baadaye. "Linachakaa naye, linakwisha. Hili linazaa!"

Nilidhani anatia chumvi. Halafu nikaalikwa kwenye kwanjula huko Mbuya, siku mchumba anapoletwa kwa wazazi wa bibi harusi. Wanaume wa upande wa bwana harusi wakaingia kwa mstari, kanzu nyeupe, makoti meusi, nyuso za watu waliokuja kuomba. Wakaketi chini mbele yetu. Na vifuani mwao, kuanzia mzee wa kwanza hadi wa mwisho, lile ua lilikuwa limelala upande mmoja kwa wote, kwa nidhamu ya jeshi. Msemaji wao alikuwa ameanza kueleza jinsi familia yao ilivyo ya watu wanyoofu. Nilijaribu kukohoa. Nikajaribu kumkumbuka marehemu bibi. Mwishowe kicheko kilinitoka puani, na shangazi wa bibi harusi akanitazama kwa jicho ambalo mpaka leo nikipita Mbuya nahisi linanifuata.

Baba yeye hakuona cha kuchekesha. Alianza kuwasimamisha wanaume barabarani. Anamshika mtu hapa kwenye kola, kwa upole, na kumwambia, "Nisamehe, mwanangu, hilo kosa ni langu, njoo nikunyooshee bure." Sasa wewe fikiria Kisenyi, karibu na stendi ya teksi, mzee anakushika kola. Mmoja alishika mfuko wake kwanza, kisha akakimbia. Mwingine alidhani ni mzee wa dua, akampa sadaka. Baba alirudi nyumbani na ile sadaka mkononi, akaiweka mezani, akaitazama muda wote wa chakula cha mchana.

Nikaona tufike kwa jirani kabla baba hajapigwa na watu. Tukaenda pamoja. Jirani alitupokea, akaagiza soda, akafungua kompyuta. Akamwonyesha baba ua lake kwenye kioo, kubwa kama sinia, akabonyeza mara moja, ua likasimama wima. Mara moja tu! Baba akafumba macho.

"Basi liache hivyo hivyo," akasema.

"Baba, nilishalinyoosha hivyo," jirani akajibu, kwa huruma kweli. "Watu walizirudisha kanzu. Wanasema ile ya ukweli ndiyo inalala. Wamenuna, wananiambia nimeanza kuwaletea feki."

Baba akanywa soda yake yote bila kupumua. Njiani sikujua kama nimfariji au ninyamaze, mpaka nilipomtazama vizuri. Mzee alikuwa anatembea kifua mbele. Alikuwa ametukanwa na kusifiwa kwa wakati mmoja, na bado hajaamua ajibu lipi.

Habari ikasambaa kwamba mwenye lile ua yuko hai. Haikupita muda mrefu akaja mtu kutoka Ggaba, muuza samaki wa makamo anayekwenda kuposa. Akavua viatu mlangoni.

"Hajji, wamesema ni wewe ulianza hii kanzu," akasema. "Mimi sitaki ya mashine. Mimi nataka ya mkono, ile yenyewe."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na mita yangu ya kupimia shingoni. Nilirudi dukani kwangu haraka ili baba asione uso wangu, nikamkatia mteja kitambaa kirefu kuliko alichonunua, nikamwambia achukue tu.

Baba akaanza kazi. Alikataa soga, alikataa redio, na kila aliyekuja kusimulia habari za wakwe zake alifukuzwa. Uzi nilimtungia mimi, macho yake hayaoni tena tundu, lakini akishaishika sindano vidole vilijua njia. Alikuwa anaimba kwa pua. Alikula. Aliacha kunifundisha kupima vitambaa, na nilihisi upweke kidogo, sikudhani ningehisi. Ulimi uliporudi ndani, alinyanyua kanzu ile kwenye mwanga wa mlango na mimi, niliyekulia kwenye nyuzi, nikasogea kuigusa kwa ncha ya kidole. Kila ua limesimama. Hakuna kazi yake niliyowahi kuiona iliyoifikia.

Muuza samaki akaja kuichukua. Akaikunjua, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Nikaona uso wake unaingia haya.

"Hajji, usikasirike," akasema. "Lakini hii si yenyewe."

"Si yenyewe vipi?"

"Imenyooka sana. Ile ya ukweli hapa iko inalala kidogo." Akagusa mahali penyewe, chini ya shingo. "Watu ya bibi wataangalia. Watasema nilinunua feki."

Nilikuwa na rula ya mbao mkononi na nia ya kuitumia. Nilianza kumwambia anayezungumza naye ni nani, na ua hilo limetoka wapi, na kwamba samaki ndio awapime, si kanzu. Baba akainua mkono kuninyamazisha. Hakuwa na hasira. Alikuwa amepauka kidogo tu, kama mtu aliyetoka kuoga maji baridi.

"Unakwenda lini?" akamwuliza.

"Jumamosi, Hajji."

"Njoo Ijumaa baada ya swala."

Yule mtu alipoondoka, nilimwambia baba aitupe kanzu ile, au aivae mwenyewe, au anipe mimi niitundike dukani watu waone. Lakini baba alikuwa na mteja, na mteja yuko Ggaba anasubiri. Akachukua mkasi mdogo, akalifumua lile ua uzi baada ya uzi, akanipa sindano niitunge. Ulimi ukatoka. Nikarudi kwenye vitambaa vyangu.

Niliporudi kumtazama, ua lilikuwa limesimama wima.

Akalifumua. Akashona tena, safari hii ameinamisha kichwa upande, nadhani akidhani kichwa kikilala na ua litalala. Likasimama. Akanituma nimwite jirani aje asimulie habari za wakwe zake. Jirani akaja, akasimulia zote, na mapya yaliyotokea tangu siku ile, na baba akawa anainua kichwa na kumjibu kila wakati. Ua likasimama kama askari wa zamu. Jirani akaondoka kimya kimya, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Baba akaiweka kanzu magotini. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona amezeeka.

"Nimesahau nilivyokosea," akasema.

Nikavuka njia, nikaazima kwa jirani kanzu moja ya mashine, ua limelala, bado ina joto la pasi. Nikapiga magoti mbele ya baba, nikaikunjua usawa wa macho yake. Akavaa miwani, akasogea karibu mpaka pumzi yake ikanigusa vidole, akaanza kuiga, uzi kwa uzi, anatazama ya mashine, anarudi kwenye yake, anatazama tena.

"Shikilia vizuri," akaniambia. "Usitikisike, mama, nisije nikakosea."