Mlango Chorea Hapa

Nilikuwa natia wino ribiti za tangi, vile vichwa vya misumari ya kushikia mabamba ya chuma, moja baada ya nyingine, nikijua kwamba mtu aliye ndani ya hilo tangi ameketi kwenye kiti changu.

Si kiti kinachofanana na changu. Changu chenyewe. Cha bluu, mguu mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Na aliyekichora hajawahi kukanyaga nyumba yetu. Yuko Garissa. Hatujawahi kuonana.

Acha niende polepole, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa.

Naitwa Odera. Nakaa Kaloleni, Nairobi, na dada yangu Carolyne, kwenye nyumba tuliyoachiwa na baba, aliyekuwa mtu wa reli. Kazi yangu ilikuwa kuchora mabango ya bucha, vinyozi na maduka ya dawa. Sikufundishwa na mtu. Nilianza kwa kunakili herufi za magunia.

Mwaka jana nilikuwa Shauri Moyo nikichora ng'ombe juu ya bucha moja. Ngazi ikateleza.

Mguu ulivunjika, ukafungwa plasta, ukapona. Daktari akasema nitembee. Mguu ukakubali. Mimi ndiye nilikataa.

Mlango wa nyuma natoka vizuri tu. Nafika bombani, nafika chooni, narudi. Lakini ule wa mbele, wa kuelekea barabarani, nikigusa komeo mikono inalowa jasho na miguu inaikumbuka ngazi. Nikirudi kwenye kiti, inatulia.

Hakuna aliyenifungia. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Ukifungiwa na mtu, angalau unajua wa kumwomba ufunguo.

Kwenye simu nikapata kikundi cha wachoraji wa katuni.

Katuni zetu ni za watu wote. Yeyote anaweza kuzinakili, kuzichapisha na kuziendeleza bila kuomba ruhusa, mradi ataje waliomtangulia na kazi yake nayo aiachie huru vilevile.

Tuna mazoea yetu. Unachora ukurasa mmoja, kisanduku cha mwisho unakiacha kitupu, na ndani yake unaandika kwa penseli agizo la anayefuata. Ukurasa ukishawekwa haufutwi. Na huwezi kuchora kurasa mbili mfululizo, lazima mtu mwingine aingie katikati.

Mimi nilimwanzisha Mzee Tangi, mtu anayeishi ndani ya tangi kuukuu la maji kando ya reli. Tangi halina mlango.

Wenzangu walimpa paka. Wakampa redio. Wakampa hata mchumba wa kuongea naye kupitia kwenye bomba. Lakini kila aliyemchorea tundu la kutokea, nilisubiri zamu yangu nikaliziba.

Jirani yetu Kabiru, fundi wa rangi niliyezoea kufanya naye kazi, alikuwa akipita dirishani kila asubuhi.

"Mzee Tangi! Niaje? Uko ndani ama umetoka?"

"Niko."

"Aa, nilidhani umehamia Karen kwa matajiri."

Nilikuwa nacheka. Akishaondoka, sicheki.

Kisha Caro akapata kazi. Mpishi mkuu, shule ya bweni, Nakuru, na chumba cha kulala humo humo. Yeye ambaye ujana wake wote umeishia kwenye moshi wa kibanda cha watu kule Gikomba.

"Wametuma barua nitie sahihi. Wanataka jibu Ijumaa," aliniambia.

"Si uende."

"Na nani atakununulia unga, Ode? Duka liko mbele."

Nikamwongezea ugali kwenye sahani.

Ijumaa asubuhi ndipo ukurasa wa Batulo ulipoingia. Huyo ndiye dada wa Garissa. Mkono wake ni mwepesi, watu wake wana shingo ndefu. Mzee Tangi alikuwa ameketi kwenye kiti changu, mpira wa baiskeli na fundo lake vyote vipo.

Nikageuka nikakitazama kile kiti. Nikatazama dirisha. Nikavuta pazia.

Kwenye kisanduku kitupu Batulo alikuwa ameandika: *Mlango chorea hapa.*

Kama si wa Eastlands, hebu nikufafanulie. Huku mtaani ukimwambia mtu "chorea", unamwambia aachane na hilo jambo. Chorea huyo dem. Chorea hiyo stori. Yaani kata tamaa, songa mbele.

Kwa hiyo nilisoma: huo mlango, achana nao hapa hapa.

Nilipata nafuu, halafu nafuu yenyewe ikaniuma. Hata mtu wa mbali, aliyekuwa akihangaika zaidi ya wote kumtoa yule mzee, sasa ameniona mpaka kitini kwangu na amechoka na mimi.

Nikatii. Nikachora bamba la chuma juu ya kila mahali palipowahi kuwa na tundu, nikazungushia ribiti. Nilizitia wino bila haraka, kila moja na kivuli chake. Zilikuwa ribiti nzuri. Nikapiga picha, nikaweka ukurasa kikundini.

Mchana Caro alirudi kutoka kibandani, simu mkononi. Alisimama mlangoni bila kuvua leso.

"Umeziba," alisema.

Sikujua kwamba huwa anazifuata zile katuni.

"Wameniambia nichoree."

Akaingia jikoni. Nikasikia vidole vikigonga kioo cha simu haraka haraka. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Basi nimewaandikia Nakuru. Nimewaambia hiyo kazi nimechorea."

"Caro! Kwa nini?"

"Si umenijibu? Mimi ndiye nilimtumia Batulo picha ya hicho kiti. Maneno ya mdomo huyasikii, nikaona nikuulize kwa katuni. Ukichora mlango, naenda. Ukiziba, nabaki. Umeziba, nimebaki. Imeisha."

"Lakini Batulo mwenyewe ndiye ameniambia nichoree!"

"Amekwambia nini?"

Nikampa simu. Akasoma kwa sauti. Akasoma tena, taratibu. Kisha akakaa chini sakafuni na kuanza kucheka kile kicheko ambacho hujui kama ni kilio.

"Omera, ndugu yangu! Batulo ni wa Garissa! Kiswahili chake ni cha darasani! Chorea *hapa*. Hapa, kwenye hiki kisanduku! Alikuwa anakuonyesha pahali pa kuuchora!"

Tukamtumia ujumbe. Akajibu kwa sauti, mpole kama kawaida yake.

"Kaka Odera, nilikuachia kisanduku kizima. Hata geti la lori lingetosha. Mbona umenizibia? Kwani huko Nairobi kuchorea ni nini?"

Nilimweleza. Akasema, "Nyinyi watu mna matatizo."

Lakini ukurasa ulikuwa umeshawekwa, na haufutwi. Mimi nilikuwa nimechora wa mwisho, kwa hiyo siruhusiwi kuchora unaofuata. Batulo alikuwa anaingia kazini, simu inabaki nje. Wenzetu wengine waliona bamba na ribiti wakadhani hadithi imefungwa. Mmoja aliandika, "Pole, Mzee Tangi."

Nilikaa kwenye kiti. Nilikuwa nimejifungia mara mbili, na safari hii nimemfungia na dada yangu.

"Nipe kalamu," Caro akasema.

"Hujui kuchora."

"Sheria yenu inasema yeyote, ama yeyote anayejua?"

Nilifikiria. Inasema yeyote.

Alichora akiuma ulimi. Mlango wake uliinama kama kipande cha mkate kilicholowa chai. Bawaba alizisahau. Kwenye kisanduku cha mwisho aliandika neno moja: *Toka.*

Akauweka. Zamu ikarudi kwangu.

Nikachukua karatasi mpya. Nilitaka kumwonyesha Mzee Tangi akitoka, kwa hiyo mlango lazima uonekane kwa nje. Mkono ukasimama hewani.

Mimi kila ninachochora nakitoa kwenye kitu nilichokiona. Na mlango wetu, Kabiru aliupaka rangi upya nikiwa nimeshajifungia ndani. Upande wa nje sikuwahi kuuona.

"Caro, mlango wetu ni rangi gani kwa nje?"

Alinitazama. Akaichukua simu yake na yangu, akazitia zote mfukoni.

"Nenda ukaangalie."

Sauti ikatoka dirishani. "Usimwambie, Caro! Hata mimi siwezi nikamwambia, na mimi ndiye nilipaka!"

"Kabiru, wewe hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu kwenye lori la Garissa. Toka, buda, chai yangu inapoa."

Nikashika komeo. Jasho likaja, kama kawaida yake. Miguu ikakumbuka ngazi. Lakini safari hii kulikuwa na kitu upande wa pili nilichokihitaji kwa kazi, na ukurasa ulikuwa unanisubiri.

Ni kijani. Kijani cha ndizi mbichi, na Kabiru ameacha michirizi pembeni. Kazi mbovu kabisa. Nilimwambia hivyo nikiwa nimesimama nje. Yeye akageuka upande, akajifanya anatazama reli.

Caro akakitoa kile kiti cha bluu. Nikakaa, karatasi pajani, nikaanza na bawaba.

Hapo ndipo simu yake ilipolia mfukoni. Alisoma, akakunja uso, akanipa.

Ulikuwa ujumbe wa matroni wa Nakuru, mama mtu mzima, wa kijijini kabisa:

*Asante Carolyne. Kama kazi umeshaichorea sahihi, hiyo barua njoo nayo Jumatatu. Chumba kiko tayari.*

Yule mama alielewa kwamba Caro ameshatia sahihi. Kabiru alicheka mpaka akamwaga chai. Caro hakumsahihisha yule mama. Aliandika tu, "Asante, madam, nakuja," akaingia ndani kutafuta begi.

Ninachoweza kusema ni hiki. Mtu akikupa neno likakufunga, kabla hujapiga ribiti muulize kwao lina maana gani. Mimi sikuuliza, na karibu dada yangu abaki kwenye moshi kwa sababu ya neno moja.

Ukurasa bado haujaisha. Mzee Tangi ametoa mguu mmoja tu. Mwanga ulipopungua nilikuwa nimemaliza bawaba na michirizi ya Kabiru, lakini komeo la nje sijaligusa.

Nitalichora kesho. Kiti nimekiacha huko huko nje.