Mdogo Wangu kwenye Kigari cha Pembeni

Ninaikumbuka Jumapili moja ya uwanjani Bukoba kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, na mama yenu alinisamehe kwa hilo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimevaa miwani ya kuzuia vumbi niliyoazima, na watu wamejipanga pembeni mwa majani kunitazama. Siku hiyo sikuanguka wala sikumgonga mtu. Lakini ndiyo siku niliyomuua mdogo wangu, ingawa alikufa Jumamosi iliyofuata.

Mwanangu, umekuja kuniuliza ufundi wa mashindano ya magari. Umesikia kwamba baba yako aliwahi kukimbiza pikipiki wakati wa Mwingereza, ukadhani utapata hadithi za kuchekesha. Sina. Ufundi nitakupa, maana bado ninao kichwani, ila utaupokea pamoja na habari zake.

Aliyenifundisha ni Fundi Shomari, mtu wa asili ya Pangani aliyehamia Bukoba zamani, akaoa hapo na kufungua karakana karibu na soko. Alikuwa mfupi na mkali, na mikono yake haikutoka oili mwaka mzima, isipokuwa Ijumaa. Wazungu wa ofisi na Wahindi wa maduka walipoanza kushindana, walimletea yeye mashine zao. Baadaye tajiri mmoja wa kahawa, mwenye mapikipiki lakini asiye na moyo wa kuyapanda, akaomba vijana wa karakana wamkimbizie. Ndivyo nilivyoingia mimi, mtoto wa mwinjilisti wa Kilutheri kutoka Muleba.

Fundi hakupenda mtu aseme anajua kuendesha. "Kuendesha wapi?" alikuwa akiuliza. Kwenye majani, mbio ni fupi na za kuzunguka: unaliacha gurudumu la nyuma liteleze, unaburuza mguu chini, unageuka ukiwa umelala nusu. Ukiupeleka ufundi huo barabarani, unakufa. Barabara ndefu inamtaka mtu mvumilivu, anayeisikiliza injini na kujua kwamba mashine iliyochemka Kemondo haitafika Muleba. Mlima unataka ubadili gia mapema, kabla injini haijaanza kulalamika, maana kasi ukiipoteza katikati huipati tena. Na kwenye gari wanakaa wawili, ambapo yule asiyeshika usukani ndiye anayeijua njia. Anamwambia dereva kona inakuja, ni kali au nyepesi, na dereva anapaswa kuamini kabla hajaiona. Fundi alisema hapo ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu wanayapenda mno macho yao wenyewe.

Mbio zilizoniangukia mimi ni za pikipiki yenye kigari cha pembeni. Kigari kile hufungwa upande wa kushoto, na mtu hukaa ndani yake. Usidhani ni abiria wa kupelekwa sokoni. Ikija kona ya kushoto, gurudumu la kigari linataka kuinuka, basi yeye anajitupa nje, tumbo juu ya ukingo na kichwa karibu na ardhi, ili alikandamize. Ikija ya kulia, anapanda nyuma ya mgongo wa dereva. Na kwa kuwa yuko chini tena nje, kona ya kushoto huiona kabla yako. Kwa hiyo ana kazi ya pili, nayo ni kupiga kelele. Fundi alitaka maneno matatu tu: shika, punguza, toka. Bila jina, bila samahani.

Mtu wangu wa kigarini alikuwa Kaijage, mdogo wangu wa kunifuata, miaka kumi na tisa, mwembamba, mwepesi wa viungo na mzito wa kusema. Sijui kama ninyi wa leo mnaelewa jinsi tulivyolelewa. Kwetu mdogo hakumpandishia mkubwa sauti. Alimsubiri amalize maneno yake, akamgusa taratibu, akatanguliza "waitu", lile neno letu la heshima, ndipo akasema lake. Baba alitufundisha hivyo kwa mdomo na kwa fimbo, na Kaijage alilishika somo kuliko sisi wote. Wiki ya kwanza kigarini hakutoa sauti kabisa. Fundi alihangaika naye wiki tatu mpaka akaweza kunipigia kelele, na hata hapo akishuka alikuwa anashindwa kunitazama usoni.

Basi Jumapili ile tulikuwa mazoezini, Fundi amekwenda kuswali alasiri. Watu walikuwa wengi, na kati yao alikuwapo binti niliyekuwa nimemtupia macho. Siyo mama yenu, usicheke. Nikaingia kona kwa kasi ya kujionyesha. Kaijage, kichwa chake kikiwa karibu na majani, akapaza sauti: "Punguza! Punguza, we!"

Nilipunguza, tukapita salama. Lakini watu walicheka, na karani mmoja wa kahawa akasema kwa nguvu, "Kumbe mkubwa anaendeshwa na mdogo wake!" Uso ukaniwaka. Nikasimamisha pikipiki mbele yao wote, nikamshusha.

"Tangu lini unaniita 'we'?"

"Fundi ndiye aliyesema..."

"Fundi ndiye aliyekuzaa? Ukiwa na neno na mimi, liseme kama unavyolisema nyumbani."

Alikutanisha mikono, akainamisha kichwa. "Nisamehe, waitu. Sitarudia."

Niliridhika, mwanangu. Nakwambia ukweli ulivyo: nilipanda tena pikipiki yangu nimeridhika kabisa, na yule binti akaniangalia. Fundi aliporudi kutoka msikitini, hakuna aliyemwambia lolote.

Jumamosi tukashindana, kutoka Bukoba mpaka Muleba. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na barabara ilikuwa tope jekundu. Mwisho wa mbio walikuwa wakitusubiri watu wa kwetu, baba, mama na ukoo mzima, na mimi nilitaka kitu kimoja tu, wanione nikifika wa kwanza. Tulipopita Kemondo tulikuwa wa pili. Mbele yetu alibaki kijana mmoja wa Kihindi, na kila mlima nilikuwa namsogelea.

Ikaja kona ya kushoto yenye migomba pande zote. Kaijage akajitupa nje kama kawaida yake. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mgongo wa yule kijana. Ndipo nikahisi kitu ubavuni, vidole vinanigusa taratibu mara mbili, jinsi unavyomgusa mtu mzima anayeongea na mgeni. Ili anifikie, alikuwa ameachia mkono aliojishikia. Nikasikia sauti yake chini ya kelele za injini.

"Kaka... samahani, waitu..."

Hakumaliza. Maji ya mvua yalikuwa yameula ukingo wa barabara, na pale palikuwa na shimo la kumeza ng'ombe. Yeye aliliona, mimi sikuliona. Gurudumu la kigari likaingia, pikipiki ikapindukia upande wake. Mimi nilirushwa migombani nikavunjika bega. Yeye alibaki chini ya chuma. Nilipomfikia alikuwa hai bado, akaomba maji, na kabla hayajaletwa akakata roho.

Tulimzika nyumbani. Baba, aliyezoea kusimama mbele za watu, alisimama na siku hiyo pia. Akasema, "Mtoto wangu huyu, tangu kuzaliwa kwake, hakupata kumpandishia mkubwa wake sauti. Wazazi, waleeni wenu hivyo." Watu wakaitikia amina. Nami, mkono wangu ukiwa umefungwa shingoni, niliitikia pamoja nao.

Fundi Shomari alifika siku ya tatu, amepanda lori la kahawa. Alikaa na wafiwa kwenye majani yaliyotandazwa, muda mrefu, kisha akaniita nje.

"Alipiga kelele?"

"Hapana."

"Nilimfundisha wiki tatu. Nani alimnyamazisha?"

Nikamweleza habari ya Jumapili. Mtu yule alikuwa akifoka hata kwa spana iliyowekwa mahali pasipo pake, lakini mimi hakunifokea. Alisema, "Nilikupa macho mengine mawili. Wewe ukataka salamu." Kisha akarudi ndani kuwaaga wazee. Hakunifukuza karakana, mimi ndiye niliyeshindwa kwenda kumtazama usoni.

Baba sikumwambia. Mwaka wa kwanza niliogopa. Wa pili nikaona huzuni yake imetulia, nisiichokonoe. Miaka ikapita, akazeeka, na kila mgeni aliyeingia nyumbani alisimuliwa heshima ya Kaijage, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo natafuna buni za kahawa na kunyamaza. Alikufa akijivunia kitu kilichomuua mwanawe. Nilimwambia mama yenu peke yake, na sasa wewe.

Sikukatazi kushindana. Habari za gia, kona na matairi utafundishwa vizuri zaidi na wenye mashine za siku hizi. Nasaha yangu ni hii. Kabla hujashika usukani, mwite huyo atakayekaa pembeni yako, hata akiwa mdogo wako, hata akiwa mtoto uliyembeba mgongoni, umwambie mbele ya watu kwamba ndani ya gari lile hakuna mkubwa. Akikufokea na watu wakacheka, mshukuru pale pale, nao wakisikia. Heshima nimewalea nayo wote na siikani, lakini usiidai kwa mtu uliyempa kazi ya kukulinda. Fanya hivyo na ofisini. Fanya hivyo na mkeo, na watoto wako wakikua.

Sogea nikuwekee mkono. Mungu akutangulie njiani, mwanangu. Akuzungushie watu wasiokuogopa, wakufokee mapema, nawe uwasikie. Na kila uliyetoka naye nyumbani, akujalie kurudi naye.