Mchukuzi Asiye na Ardhi

Siku yangu ya kwanza kazini nilichekecha mchanga. Niliondoka nyumbani Nguvumali, mjini Tanga, na shati lililopigwa pasi, nimenyoa, nimejipaka mafuta, najiona tayari fundi wa serikali. Kufika kambini kwa askari, Sajini wa Stoo akanitupia chekecheke na gunia la mchanga wa ufukweni. "Chekecha mpaka uwe kama unga wa uji," akasema. "Nikikuta punje moja ya changarawe, unaanza upya." Nilianza upya mara nne. Jioni nikarudi nyumbani na mchanga mpaka masikioni, na bibi yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Pongwe kunipongeza, akacheka hadi akashika mbavu.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaonunua vifaru vya plastiki ndani ya maboksi, mkavigundisha siku moja, mkavipiga picha, mkajiita mafundi. Sikatai, vinapendeza. Lakini sisi miaka ile ya hamsini hatukuwa na boksi. Kila kitu kilichokaa mezani tulikitengeneza, na kabla ya kukitengeneza tulikiulizia.

Pale kambini kazi yetu ilikuwa meza ya mchanga: meza pana yenye ukingo, ndani mchanga uliochekechwa, tunafinyanga vilima na mito, tunachomeka vijiti vya rangi kuwa askari, maofisa wanajifunza vita bila kutoka jasho. Jioni tunasawazisha, kesho vita vingine. Sajini alikuwa mkali lakini alinifunza mkono mwepesi. Baada ya miaka miwili akanipeleka mwenyewe mjini, kwa bosi wangu wa pili, akamwambia, "Huyu ana mkono. Mdomo wake ndio uuchunge." Alinijua vizuri.

Bosi huyo alikuwa Mzungu mrefu, mpima ardhi mstaafu. Cheo chake kilikuwa Msimamizi wa Meza ya Kumbukumbu, lakini mji mzima ulimwita Bwana Ramani, maana hakujibu hata salamu kabla ya kufunua ramani. Serikali ilimpa chumba na amri moja: atengeneze vita vya Tanga vya mwaka 1914, siku Waingereza na askari wao wa Kihindi waliposhuka Ras Kazoni, na Wajerumani na askari wao weusi wakawarudisha baharini. Siku hizi kazi hiyo mnaiita dayorama. Sisi tuliiita meza ya vita. Ilikuwa futi kumi na mbili kwa futi sita, na kipimo chake inchi moja mezani kwa futi sita za ardhini, kwa hiyo mtu mzima anakuwa na kimo cha inchi moja tu. Mji wote usingeenea. Tukachagua kipande kimoja kando ya reli.

Wallahi nilikipenda chumba kile. Kilinuka gundi, rangi na risasi iliyoyeyushwa. Askari tuliwamimina kwa risasi za nyavu za wavuvi, ndani ya kalibu za plasta. Mataruma ya reli yalikuwa njiti za viberiti. Nyasi zilikuwa nyuzi za katani, tunazikata fupi na kuzipaka rangi. Makuti ya minazi yalikuwa manyoya ya kuku, na wauza kuku wa soko walinizoea hata wakawa wananiwekea.

Minazi ndiyo iliyonitia adabu. Nilitengeneza kumi, mirefu, kama ile niliyoiona kila siku nikipita. Bwana Ramani akainama, akaitazama kwa miwani.

"Fundi, minazi hii ina umri gani?"

"Miaka arobaini hivi, bwana."

"Na vita vilikuwa lini?"

Nikahesabu.

"Basi siku ile," akasema, "mnazi huu ulikuwa bado nazi sokoni. Ng'oa."

Nikang'oa yote. Tangu siku hiyo nikawa sipiti penye mti bila kuuliza umri wake. Bwana Ramani alikuwa na daftari la ushahidi, na kila kitu cha mezani kilikuwa na mstari wake humo: ni nini, kilikaa wapi, nani alikiona. Kisicho na shahidi hakikai mezani. Nyumba hii ilikuwa ya makuti au ya mabati? Tafuta mzee aliyekaa jirani. Wengine walitia chumvi, wengine walisahau, na kazi yetu ilikuwa kulinganisha.

Shahidi wetu mkubwa alikuwa Mzee Sadala wa Mabawa, aliyepigana siku ile akiwa askari wa Mjerumani. Alikuja kila Jumanne na bakora yake. Tulibishana naye wiki tatu juu ya nyuki. Kila mtu wa Tanga anajua kuwa siku ile nyuki walitoka mizingani wakawavamia wapiganaji, na hakuna aliyetaka meza isiyo na nyuki. Nilijaribu pilipili manga iliyosagwa. Bwana Ramani akapima punje moja, akasema nyuki wangu ni mkubwa kama shomoro. Mwishowe Mzee Sadala akatukata kauli: "Mie nyuki sikuwaona. Niliona watu wanajipiga makofi." Basi tukatengeneza watu watano wanaokimbia huku mikono imefunika vichwa, na hakuna mtazamaji aliyewahi kuuliza nyuki wako wapi.

Jumanne moja Mzee Sadala akazunguka meza nzima, akasimama.

"Wachukuzi wako wapi?"

"Wachukuzi gani?" akauliza Bwana Ramani.

"Waliobeba masanduku ya risasi. Bombomu halina miguu, bwana." Bombomu ndivyo walivyoiita bunduki kubwa ya risasi mfululizo.

Bwana Ramani akafunua makaratasi yake. Vikosi vyote vilikuwamo, na majina ya maofisa. Mchukuzi hata mmoja hakuwamo. "Walisimama wapi, Mzee? Walibeba vipi? Uliwaona?"

Mzee Sadala akakuna ndevu. "Walikuwa nyuma yangu. Mie natazama mbele napiga risasi. Ningegeuka nisingekuwa hapa leo."

"Basi hatuna shahidi," akasema Bwana Ramani, akafunga makaratasi.

Hapo mdomo wangu, ule alioonya Sajini, ukafunguka wenyewe. "Babu yangu alikuwamo, bwana. Bibi yangu anajua."

Niseme ukweli sasa. Babu yangu Bakari alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, hilo ni kweli, na hakurudi, hilo pia ni kweli. Hana kaburi. Hitima yake ilisomwa kwa kubahatisha, maana hakuna aliyeleta habari kwamba amekufa. Bibi yangu, Mwanahamisi, hakuolewa tena wala hakuhama Pongwe. Alisema akihama, mtu akirudi ataipata wapi nyumba? Lakini kwamba babu alikuwa kwenye vita vya Tanga siku ile, hakuna aliyeniambia. Nilisema kwa sababu nilitaka awe mahali, hata kama ni mezani, hata kama ana kimo cha inchi moja.

Nikamtengeneza kwa siku tatu. Mtu ana sanduku kichwani, goti moja limekunjika kidogo kwa uzito. Uso nikampa wa baba yangu, maana wa babu sikupata kuuona. Nikamsimamisha nyuma ya bombomu, kando ya reli, na nikimwangalia machozi yananilenga. Bwana Ramani akamtazama, akasema, "Kazi nzuri. Mlete bibi yako, nimwandike."

Sikuthubutu kumwomba bibi aseme uongo, mtu wa sala tano. Nikatumaini tu kwamba akiiona sanamu atalia, na kilio kitamaliza maswali.

Bibi hakulia. Aliingia na buibui lake, akaamkiana na Mzee Sadala, akamwitikia Bwana Ramani, akaizunguka meza polepole. Akasimama penye bombomu.

"Huyu nani?"

"Babu, bibi," nikasema kwa sauti ndogo.

"Babu yupi?"

"Babu Bakari. Siku ya vita."

"Astaghafirullah!" Bibi akanigeukia. "Siku ile Bakari alikuwa na mie, tumelala kifudifudi kwenye muhogo wetu Pongwe, baba yako yu mgongoni kwangu. Walimchukua baadaye, muhogo wenyewe tumeshaung'oa. Na Bakari alikuwa mchota maji, alibeba kwa mzegazega, ule mti wa begani wenye mzigo huku na mzigo huku. Kichwani hakubeba hata kikapu. Shingo yake ilikuwa mbovu toka utotoni."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuzidi futi kumi na mbili za meza ile. Nilitamani ardhi ipasuke. Bwana Ramani akachukua kibanio, akamng'oa babu mezani, akamweka kiganjani mwangu. Halafu akafunga daftari.

"Fundi, meza hii haina mahali pa uongo. Kesho usije."

"Nilitaka awe mahali!" nikapiga kelele, mtu mzima mimi, mbele ya wakubwa. "Bibi, hana kaburi, hana jina kwenye karatasi, hana chochote!"

Bibi akanishika mkono. "We unadhani mie sitaki? Toka waondoke naye watu wananiambia yuko mahali. Mmoja alimwona Handeni. Mwingine Kilosa. Mwingine akaniapia yuko Songea, ana mke na watoto. Kote huko nilimweka moyoni, na kote nikamwondoa. Nimechoka kumwondoa, mjukuu wangu. Usinipe mahali pengine pa kumwondoa."

Mzee Sadala alitazama bakora yake. Mimi nilikuwa nalia waziwazi na sioni haya kuliandika.

Bibi akarudi kuitazama meza, akaifuata reli kwa kidole bila kuigusa. "Na wale wenzake mbona hamkuwaweka?"

"Wenzake nani, mama?" akauliza Bwana Ramani.

"Wa masanduku. Walishuka gari la moshi karibu na kwetu, kabla hatujakimbilia shambani. Walipita wawiliwawili, sanduku linaning'inia kwenye mti, mmoja mbele mmoja nyuma. Kuna mmoja bega lilikuwa limechubuka, linatoka damu. Akanitazama. Nikachana kanga yangu, nikampa akunje kama ngata, atie begani chini ya mti."

Nikaona Bwana Ramani anafungua daftari. "Kanga ya rangi gani?"

"Nyekundu."

"Upande gani wa reli?"

"Wa kuume, ukielekea mjini."

"Wawiliwawili," akasema Mzee Sadala taratibu. "Kweli kabisa. Masanduku yalitufikia pale relini yangali yananing'inia kwenye miti ya begani. Nilikuwa nayafungua mie mwenyewe, na nimesahau."

Bwana Ramani akaandika muda mrefu. Akamwuliza bibi jina lake kamili, akaliandika mahali pa shahidi, akamsomea. Kisha akanitazama juu ya miwani. "Kesho njoo mapema. Kuna wachukuzi wa kutengeneza." Hakusema kwamba amenisamehe, wala mimi sikuuliza.

Tulitengeneza kumi na wawili, masanduku sita. Mmoja wao nilimtia nukta nyekundu begani, kwa brashi ya nywele tatu. Siku chumba kilipofunguliwa, wakubwa walisifu reli, wakasifu minazi, wakawacheka wakimbiaji wa nyuki. Bibi aliinama peke yake upande wa kuume wa reli, akatafuta, akapata. "Kanga yangu," akasema, akatabasamu.

Meza ile haipo. Baada ya Uhuru chumba kilitakiwa kwa kazi nyingine, na sikuwapo ilipovunjwa, nilikuwa nimeshahamishiwa Moshi. Baadaye nikafanya kazi Dar es Salaam, chini ya Mkuu wa Chuo cha jeshi aliyetaka kila adui awe anakimbia, na Kanali aliyetaka milima ipunguzwe ili ionekane askari wake wamekwenda kasi. Wote niliwauliza swali moja: nani aliona? Wengine walinichukia kwa hilo. Nilistaafu bila nishani, na daftari langu la ushahidi lipo kabatini, linasomeka.

Na babu? Sanamu ile ya uongo niliiyeyusha, nikammimina upya. Sasa ana mzegazega begani, shingo imenyooka, kichwani hana kitu. Nikampelekea bibi. Akakataa katakata: sanamu haiingii nyumbani kwake. Lakini hadi alipofariki, kila nilipokwenda Pongwe aliuliza kwanza, "Mchukuzi wetu hajambo?" nami nikajibu, "Hajambo, bibi."

Yupo hapa dirishani kwangu Nguvumali, amesimama juu ya kibao kitupu. Juzi kijana mmoja wa hizi dayorama za plastiki alikuja kunisalimu, akamnyanyua, akamgeuzageuza. "Shikamoo babu, huyu mbona hukumalizia? Hana nyasi, hana udongo, hana hata jiwe."

Nikamwonyesha kopo lililo kando yake. Ndani mna mchanga, mkavu, niliouchekecha mwenyewe mpaka ukawa kama unga wa uji. Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu. Mchanga uko tayari. Ninachongoja ni mtu wa kuniambia alianguka wapi."