Kiwiko Changu na Picha ya Bendi ya Sabuni

Shemeji yangu amepiga picha watu wengi kuliko waliomwomba. Ni mdogo wa mume wangu, baba mmoja mama mmoja, na tangu nilipoolewa nimemkuta na kamera shingoni kama mbuzi na kamba yake. Mtaani anaitwa Konyeza, kwa sababu ya lile jicho la kushoto. Amelifumba miaka yote akichungulia kwa lile lingine mpaka limesahau kufumbuka sawasawa. Akikutazama unadhani anakutongoza. Mjane mmoja wa mtaa wa nyuma alidhani hivyo, akasuka nywele, akakaa barazani kumsubiri. Kumbe mwenzake alikuwa anapima mwanga.

Picha za harusi na za vitambulisho hapigi, labda njaa imbane. Yeye anataka wachezaji na wapigaji: mpiga gitaa, mpiga dramu, wacheza drafti pale kwa fundi baiskeli, golikipa. Na ana sharti lake moja, gumu kama yeye mwenyewe. Habonyezi kamera mpaka mtu awe anacheza kwelikweli. Wacheza drafti walipomkalia vizuri, mikono kidevuni kama mawaziri, aliwaambia, "Nyie chezeni. Mtu aliwe kete, akasirike, ndipo nipige." Alichuchumaa pale mpaka mmoja akapindua ubao. Hiyo ndiyo picha aliyoitaka. Golikipa alimvizia kwa nyuma ya nyavu, na nyavu zenyewe zilikuwa zimetoboka. Mpira ukapita, ukamkuta mdomoni. Picha iliyotoka inaonyesha nyuzi za mpira tu, basi. Ameitundika sebuleni kwake na wageni wanalazimishwa kuisifu.

Zamani picha zake alizisafishia bafuni kwangu, kwenye taa nyekundu, na nyumba nzima tukapanga foleni nje na mataulo. Mama mkwe alikuwa anagonga mlango kwa fimbo. "Huyo uliyemloweka humo akishaiva utoke. Mimi naoga na jua, sio na mwezi."

Mume wangu alipiga gitaa la solo kwenye bendi ya kiwanda cha sabuni. Ndiyo bendi pekee ninayoijua ambayo ukisogea karibu unasikia harufu ya nguo safi. Walirekodi santuri moja tu, na santuri hiyo ikaja kukaa kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na gramafoni. Konyeza akaja mbio. Alitaka kupiga picha gramafoni.

"Shemeji, hiyo ni mashine," nikamwambia. "Ina sura gani?"

"Inapiga muziki au haipigi? Basi na yenyewe ni mpigaji. Nataka ionekane inazunguka."

Akapanda kwenye stuli, akasimamisha kamera juu ya ile miguu yake mitatu, mguu mmoja kwenye meza yangu, mmoja kwenye kabati, mmoja sijui wapi. Huo wa sijui wapi ndio ulioteleza. Kamera ikaangukia sindano, na sindano ikachora santuri yetu mchoro mrefu. Tangu siku hiyo wimbo ule ukifika katikati, solo ya mume wangu inapoanza kunoga, sindano inaruka moja kwa moja hadi kwa mwimbaji. Nusu ya solo imekwenda na maji. Nilimwambia Konyeza nitamkumbusha jambo hilo mpaka mmoja wetu azikwe, na mimi nikiahidi natimiza.

Wanabendi walizoea. Kila Jumapili walikuja kwangu kujisikiliza, wanamaliza chai yangu na kujisifu.

Sasa mwaka huu ukumbi wa kiwanda umepakwa rangi, na meneja mpya, kijana mwenye heshima zake, akataka picha kubwa ya bendi itundikwe pale mlangoni. Wazee waitwe, wavae, wapige wimbo wao, Konyeza awapige picha. Ila mume wangu alishapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia umelala, hauamki.

"Mimi sitaki picha," alisema. "Sura yenyewe hii, imepinda upande kama mlango mbovu."

Kesho yake nikamkuta amelitoa koti la bendi kabatini, anahangaika na vifungo kwa mkono mmoja. Nikajifanya sijaona. Lakini nilijua mume wangu anataka kuwa kwenye ukuta ule kuliko anavyotaka kupona.

Jioni Konyeza akaja na habari zake. "Kaka nitampiga peke yake baadaye, pembeni."

"Pembeni ya nini?"

"Shemeji, unanijua. Picha ya bendi ni ya wanaopiga. Nikimshikisha gitaa na mkono hauwezi, itaonekana. Itakuwa picha ya mtu aliyebeba ubao."

"Na wewe uliyetundika nyuzi za mpira sebuleni, leo unachagua picha?"

"Mwache," mume wangu akasema kutoka kwenye kiti chake. "Ana haki. Sitaki kushikishwa gitaa kama mtoto anayeshikishwa kijiko."

Mimi nikinyamaza ndani ya nyumba ile, watu huanza kutafuta viatu vyao. Konyeza akaaga.

Siku ya picha niliibeba gramafoni kichwani, imefungwa kwa khanga, na mume wangu akanifuata na mkongojo wake na koti lake. Ukumbini wazee walishajipanga. Mpiga tarumbeta alikuwa na meno mapya, anayaogopa. Mwimbaji alikuwa na tumbo lililotangulia kufika.

"Shemeji, unahama?" Konyeza akauliza.

"Nimeleta mpigaji wako." Nikaiweka gramafoni kwenye kiti, katikati yao. "Ulisema mwenyewe, nyumbani kwangu, kwamba hii nayo inapiga. Au nimesikia vibaya?"

"Nilisema."

"Basi haijipigi yenyewe. Anayeipiga ni huyu."

Konyeza akamtazama kaka yake kwa lile jicho lake. Kaka mtu hakumtazama, alikuwa anaitazama santuri. "Haya," Konyeza akasema. "Lakini apige kweli."

Soketi ya ukumbi ilikuwa imelegea, plagi inachomoka, ikabidi nisimame pale ukutani niishikilie. Mume wangu akanyanyua mkono wa sindano kwa kushoto. Mpiga besi akataka kumsaidia, nikamtazama, akaacha. Sindano ikatua.

Lo, gitaa lile. La mkono mzima, wa mume wangu wa enzi zile. Wazee wakaingia mmoja mmoja, besi, dramu, tarumbeta na meno yake, wakalifuata. Likafika pale katikati, sindano ikaruka. Na wao wote wakaruka nayo. Hakuna aliyekosea. Mwimbaji akadaka neno lilelile la kwenye santuri kama aliyesukumwa.

Meneja akauliza, "Samahani wazee, mbona hapo mmeukata wimbo?"

"Tumekata nini?" mpiga tarumbeta akashangaa. "Ndivyo unavyokwenda."

Wakatazamana. Wameusikiliza kwangu na mkwaruzo wake miaka yote, mpaka wamesahau kuwa waliutunga mrefu zaidi.

"Hapo ndipo penye solo yangu," mume wangu akasema. "Mmenikata wote, washenzi nyie, na mimi nipo hapahapa." Akacheka kwa ule upande wake mmoja wa mdomo, kidole bado kiko kwenye mkono wa sindano, akaanza kuimba kwa mdomo kipande kilichopotea, ti-ri-ri, ti-ri-ri, na mpiga besi akakikumbuka, akamfuata.

Hapo ndipo Konyeza akabonyeza.

Picha ipo mlangoni pale, kubwa kama shuka. Mume wangu yuko katikati, mdomo wazi. Ukingoni kuna kiwiko. Ni changu. Konyeza alitaka kukikata, eti kinaharibu picha ya wapigaji.

"Kikate," nilimwambia. "Halafu uwaeleze watu ile plagi ilishikiliwa na nani, na gramafoni ilikuwa inapigwa kwa umeme wa wapi."

Amekiacha.