Nusu ya Mkebe

Sauti inayonirudisha nyumbani ni mlio wa bati likichanika. Mnaujua: unazungusha kile kifunguo kidogo kwenye ubavu wa mkebe wa nyama, ukanda mwembamba unajiviringa polepole, nawe roho iko juu usije ukakatika katikati. Kisha inakuja harufu ya mafuta baridi na chumvi. Juzi binti yangu alifungua mkebe jikoni kwangu hapa Homa Bay, na kabla hajamaliza kuzungusha nilikuwa nimesharudi kijijini kwetu Masara, nina miaka minane, nimekaa kwenye kizingiti cha jiko la mama, naogopa hata kupumua.

Najua wapo watakaonicheka. Mtu anaishi kando ya ziwa, samaki wanapitishwa mlangoni wakiwa bado wanapiga mikia, naye anakula nyama ya mkebe. Mume wangu hunitania hivyo hivyo, kisha ndiye wa kwanza kuchovya tonge. Yeye huipenda asubuhi, na mayai. Watoto wanaichanganya na tambi. Mimi sijabanduka kwenye njia ya mama: kitunguu kingi kikaangwe hadi kibadilike rangi, nyanya zilizoiva hadi kulegea, nyama ivunjwevunjwe kwa mwiko, moto upunguzwe, na iachwe hadi mafuta yapande juu. Ugali ukiwa moto pembeni, hakuna anayeulizia samaki.

Nyumbani kwetu nyama hiyo ilikuwa ya shimoni. Baba alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Kule chini hakuna moto wa kupasha chakula, na nyama ya buchani ikikaa kwenye joto lile inaanza kunuka kabla ya mchana. Kwa hiyo kila alipopata kitu alileta mikebe kutoka madukani Migori mjini, na mama akaipanga juu ya kabati, mbali na mikono yetu. Asubuhi ya kazi alifungua mmoja, akaikaanga, nusu akamfungia baba pamoja na ugali, nusu ikabaki kwenye sufuria ndogo yenye mfuniko uliobonyea. Hiyo nusu ilikuwa ya jioni, na ilikuwa ya baba pia. Sisi tuliachiwa kulamba mwiko. Mama alisema mtu anayeshuka chini ya ardhi lazima aache kitu chake huku juu cha kumrudisha. Alisema akicheka, lakini hakuna aliyethubutu kuigusa sufuria ile.

Alhamisi moja, msimu wa mvua, alikuja Mwita. Huyu alikuwa Mkuria wa Ntimaru aliyefanya kazi na baba, yeye juu kwenye kamba, baba chini. Kwetu aliongea Kiswahili kwa sababu Dholuo kilimshinda, nasi Kikuria hatukukijua. Siku zote alianza kusalimu tangu langoni, kwa sauti ya kuwaamsha hata kuku. Siku hiyo aliingia kimya akasimama uani, matope hadi kiunoni.

“Mama Achieng,” alisema, akimwita kwa jina langu, “shimo imeanguka. Wako chini watatu. Tunachimba.”

Mama aliuliza kitu kimoja tu, kama wanasikika. Mwita akasema ndiyo, kuna mtu anagonga jiwe kwenye bomba la maji kutoka chini. Hakujua ni nani kati ya watatu. Kisha akageuka akaenda zake kuchimba.

Mama akainuka, akaweka ile sufuria motoni, akaongeza maji na chumvi, akachemsha, akafunika. Hatukuwa na friji. Chakula kilichobaki kiliokolewa hivyo, kwa kuchemshwa jioni na asubuhi, na chumvi ikiongezwa kidogo kila mara. Hakuonja. Nyama ya baba haikuonjwa na mtu.

Ijumaa kulipokucha mlio wa bomba ulikuwa umenyamaza. Ndipo alipofika Shangazi Rosa, dada mkubwa wa baba, na wanawake wa ukoo, na kuni, na masufuria makubwa ya matanga. Msimfikirie vibaya. Alikuwa amembeba baba mgongoni wakati mama yao alipokuwa shambani, na macho yake yalikuwa yamevimba kuliko ya mtu yeyote. Lakini alizijua desturi, na desturi ya kwetu ni kwamba nyumba iliyofiwa haiwashi jiko. Moto wa mjane unazimwa. Wanaopika ni majirani, nje uani, hadi mazishi yaishe. Wanawake wakaanza kupanga mafiga yao nje, na Shangazi akaingia akachuchumaa karibu na mama.

Alimwambia kwa sauti ya chini auache moto ufe. Kupika humu ndani na mwenye nyumba amelala udongoni ni kuwaitia watoto chira, ile laana inayomkondesha mtu hadi aishe. Mama akasema hajafa. Shangazi akamuuliza nani amemwambia hivyo. Mama alichochea kuni, na sufuria ikaanza kutokota.

Mimi nilikuwa kwenye kizingiti, na hapo ndipo akili yangu ya kitoto ilipofanya hesabu yake. Moto ukiwaka, baba yuko hai. Moto ukizimika, amekufa. Sikuwaza kwamba moto ni alama ya kitu. Niliamini ndio unaomshikilia. Nikahamia karibu na jiko, nikawa napuliza makaa kila yalipofifia, nikiokota vijiti na magunzi ya mahindi. Moshi uliniingia machoni nikauvumilia. Wadogo zangu waliniita tukacheze nikawafukuza.

Shida ni kwamba ilikuwa Ijumaa. Mama ni Msabato, mzaliwa wa Kendu Bay, wa wale wasiocheza na Sabato. Kwetu jua likizama Ijumaa jiko lilizimwa, na Jumamosi tulikula chakula cha jana kikiwa baridi. Hata chai hatukuinywa. Jioni ile aliichemsha sufuria mapema, jua bado liko juu ya mikonge, kisha akakaa akautazama moto ukififia. Nilipotaka kupuliza alinishika bega. Alinishika hadi kaa la mwisho likawa jivu. Shangazi aliona kutoka mlangoni na nadhani alishukuru Mungu.

Jumamosi asubuhi jiko lilikuwa majivu. Niliingiza mikono, yalikuwa baridi mpaka chini. Sikulia, niliogopa mno hata kulia.

Mama aliingia akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Alifunua sufuria. Pembeni kulikuwa na povu dogo jeupe, na harufu ilikuwa imeanza kugeuka. Kutoka ng'ambo ya kijito tulisikia wimbo wa kwanza wa kanisa lake. Alisimama na ule mfuniko mkononi mpaka wimbo ukaisha. Kisha akapiga magoti, gauni lile lile, akapanga kuni, akawasha kiberiti.

Moshi haufichiki. Ulitoka kwenye paa, na mazungumzo ya uani yakakatika. Watu waliokuwa wanapita kwenda kanisani wakasimama njiani na Biblia zao kwapani. Shangazi akaingia na jagi la maji. Alienda moja kwa moja hadi kwenye mafiga, akainua jagi, nami nikashika sketi ya mama kwa mikono miwili.

Mama hakumzuia wala hakuinuka. Alimwangalia tu kutoka pale chini.

“Mwaga,” alisema. “Lakini kwanza nionyeshe mwili wake.”

Maji yalicheza kwenye jagi. Mengine yalimwagika ukingoni yakachuruza juu ya jiwe moja na kutoa mvuke. Halafu Shangazi akaliweka jagi chini, akakaa sakafuni kando ya mama, akaanza kumlilia mdogo wake kwa kwikwi, uso ameufunika kwa leso. Mama alikoroga. Nikapuliza.

Mchana ndipo mtu alipopaza sauti kwamba Mwita anakuja. Niliweza kumwona kupitia mlangoni. Alikuwa anatembea polepole, kichwa chini, kila hatua kama ya kununua. Mtu mwenye habari njema hatembei hivyo, kila mtu uani alilijua hilo, na mwanamke mmoja akapiga ukemi, na mwingine akamwitikia. Mama alichukua chumvi akaongeza. Nililiona hilo kwa macho yangu: Mwita anaingia langoni, watu wanalia, na mama anatia chumvi bila kutazama.

Mwita alishika mwimo wa mlango. Baadaye ndipo tulipojua kwamba hakuwa amelala tangu Alhamisi na miguu ilikuwa imekataa kumbeba.

“Wawili wametoka wazima,” alisema. “Mmoja hapana.”

Wanawake wa uani wakasogea mlangoni. Mwita akamgeukia mama.

“Baba Achieng ametoka. Mguu ndio imeumia, wamempeleka hospitali Migori. Ameniuliza kama ile nusu yake bado iko.”

Mama aliifunga sufuria kwa leso, akaipakata, na tukapanda pikipiki moja, dereva, mimi katikati, mama nyuma. Supu ya moto ilinichomachoma mgongo njia nzima. Baba alikuwa kitandani, mweupe kwa vumbi kama mtu aliyeanguka kwenye gunia la unga, midomo imepasuka. Mama hakumkumbatia, watu wa umri wao hawakuwa na mambo hayo. Alifungua sufuria akamlisha. Nyama ilikuwa imechemshwa hadi ikawa nyuzi. Baba alinipa tonge moja nami nikalimeza kwa shida, kwa sababu lilikuwa chumvi tupu, chumvi ya kuchoma ulimi. Mama akamuuliza chumvi je. Baba alitafuna kwa muda mrefu.

“Chumvi iko sawa,” alisema.

Yule wa tatu alikuwa kijana aliyeishi na mama yake mlima wa pili kutoka kwetu. Jiko la mama yule lilizimwa jioni ile, na waliokwenda kumpikia uani walikuwa Shangazi Rosa na mama, wakitumia kuni zilizoletwa kwetu.

Baba hakushuka shimoni tena. Alifungua kibanda cha kutengeneza baiskeli, na anachechemea hadi leo. Lakini kila Jumapili aliitaka nyama yake ya mkebe, na mama akaipika, na kila Jumapili ilizidi chumvi. Mama huyo huyo ambaye samaki wake, mboga zake, hata maharagwe yake, watu walikuwa wakiyasifu kanisani. Sisi watoto tulikanyagana miguu chini ya meza na kunywa maji kama ng'ombe mtoni. Tuliamua kwamba nyama hiyo tu ndiyo iliyomshinda. Yeye mwenyewe hakuila, alisema ameshiba, nasi tukafurahi kugawana fungu lake. Baba alimaliza sahani, akasema chumvi iko sawa.

Mwaka jana nilienda kuwaona. Macho ya mama yamepungua, nikasema niingie nimsaidie kupika. Akanipisha kwenye kila kitu isipokuwa sufuria ile. Nikamtazama. Alikuwa amegeuza uso kando, anapumua kwa mdomo, na chumvi aliitia hivyo hivyo, bila kutazama, bila kuonja. Harufu ambayo kwa baba ni ya kutoka shimoni, kwangu ni ya nyumbani, yeye ilikuwa inamtoa jasho jikoni mwake mwenyewe. Nilikuwa nimeila kwa miaka yote hiyo nisijue. Nikamwambia, mama, si lazima uendelee kuipika. Akasema baba yako anaipenda.

Kisha, kwa vile tulikuwa wawili tu, nikamuuliza alijuaje Sabato ile kwamba baba yuko hai.

“Sikujua,” alisema. “Bomba liliponyamaza, mimi nilijua ameenda, hata kama shangazi yako nilimbishia. Asubuhi ile niliingia kuimwaga ile nyama. Nikakukuta una majivu mpaka kwenye viwiko.”

Akafunika sufuria. Nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku, nikalia hadi nikaridhika.

Mezani baba alichukua tonge la kwanza, akatafuna polepole, akasema maneno yake. Halafu akanitazama mimi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na nikaelewa kwamba yeye amejua tangu zamani kwa nini chumvi inazidi. Nikakata tonge, nikalichovya vizuri. Lilinichoma ulimi vile vile. Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na jagi la maji, anasubiri.

“Chumvi iko sawa, mama,” nikasema.