Leo nimekaa mbele ya Metroni

Wenzangu, leo Metroni amenikuta nimekaa kazini, na bado nina kazi.

Mnajua hii nyumba ya kutunzia wazungu wazee ninakofanya kazi hapa Eldoret. Sheria ya Metroni, mzungu anayetusimamia, ni kwamba mfanyakazi hakai.

Lakini mimi siwezi kumlisha mtu mzee nikiwa nimemsimamia kichwani kama askari. Kwetu hiyo ni kumdharau. Kwa hivyo Metroni akienda mbali, mimi navuta stuli.

Leo nikiwa nimekaa namlisha uji Memsabu, bibi mmoja wa humu, Metroni akaingia ghafla.

"Nani naambia wewe kaa?"

Nikawaza watoto wangu. Nikajua kazi imeisha.

Akaninyang'anya kijiko, akaanza kumlisha Memsabu yeye mwenyewe, amesimama.

Memsabu akafunga mdomo kabisa. Uji ukamwagikia shuka.

Wenzangu, Metroni alivuta ile stuli akakaa. Na Memsabu akafungua mdomo.

Mimi nikapangusa uji kwenye shuka.

Metroni akanirudishia kijiko bila kuniangalia. "Haya, wewe kaa. Lakini kama mgeni nakuja, simama upesi."

Sasa niambieni nyinyi. Nikisikia gari la wageni, nimwache mama wa watu na mdomo wazi?