Mume wangu kanifungia ndani ya karavani Masira, leo anataka mie ndiye nimuombe radhi

Admin, nifichie jina langu na majina ya watoto, lakini maneno yangu usiyapunguze. Mie ni bibi wa miaka sitini na saba, nakaa Bawshar, Maskati. Nimezaliwa Unguja, nikaletwa huku msichana. Skuli sikufika mbali, nilitolewa nikaolewa, kwa hiyo mkiona nimekosea kuandika nyamazeni, mtanielewa tu. Nna mume, na huyo mume ndiye alonifanya nishike simu leo kwa hasira.

Bwana wangu alikuwa mtu wa serikali. Mchana kazini, jioni majlis, ukumbi wa wageni, na wanaume wenziwe. Wageni wana mlango wao wa mbele, mie na wanangu tuna wetu wa ubavuni, masinia yanakwenda, masahani yanarudi. Sikulalamika, ndivyo nyumba zetu zilivyo. Na yeye siku zote akinambia, "Ngoja nistaafu, mama watoto, tutazunguka Oman nzima, mie na weye tu." Mie na weye tu! Wallahi nimeyangoja maneno hayo kama mtoto anavyongoja Idi.

Kastaafu. Kanunua basi dogo kuukuu, kalipeleka mtaa wa Ghala kwa mafundi wa gereji wakaligeuza karavani: kitanda nyuma, jiko la gesi, choo, na mbele viti vya kukalia watu. Mie nikenda Matrah kununua kitambaa cha mapazia, nikashona mwenyewe. Gari zuri, siwezi kusema uongo. Lakini lina mlango mmoja tu. Sikulifikiria hilo. Tu watu wawili, milango mingi ya nini?

Safari ya kwanza tukenda kisiwa cha Masira. Kwenye feri akanimenyea machungwa kwa mkono wake, akawa ananipa kipande kipande, nikaona haya kama bi harusi. Tukaegesha kambini, ufukweni, bahari iko hapo mbele ya mlango. Hata viatu sijavua, bwana keshatandika mkeka mlangoni, anaipungia mkono kila kanzu inayopita: "Tafadhalu, tafadhalu, karibuni kahawa!"

Wakaja. Wavuvi wakaja, wastaafu wenziwe wakaja, vijana waliokuja kupiga kambi wakaja. Mie ndani, pazia limeshushwa, natoa birika dirishani, natoa halua, natoa mandazi, unaonekana mkono tu kama wa jini. Na yeye anaita kwa furaha, "Ongeza, mama watoto, wageni hawa!" Wakiondoka hawa wanakuja wale. Asubuhi kahawa, adhuhuri wali na samaki, alasiri kahawa tena. Nikimwambia nataka kutembea ufukweni, ananambia, "Watu wameshakaa, utapita wapi?" Nitapita wapi! Niwaruke vichwa? Bahari nikawa naisikia tu, kama nipo kwenye simu nayo.

Siku moja upepo ukachachamaa, mchanga unapiga vioo. Mtu mwenye akili zake angewaaga wageni. Yeye kawaingiza ndani! Mie nimo juu ya kitanda nyuma ya pazia, wanaume karibu hata kupumua naogopa, na choo kipo upande wao. Nna sukari, na yeye anajua nna sukari. Nikapiga makofi, kama tufanyavyo wanawake tukitaka kupita. Akajibu, "Subiri kidogo." Nikapiga tena. "Subiri, mama watoto, mzee anamaliza hadithi yake." Hadithi!

Nikavaa baibui langu, nikafunga ushungi, nikavuta pazia. Nikasema kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, kila mtu afahamu: "Baba zangu, ahlan wa sahlan, karibuni. Nna haja ya choo. Tokeni nje." Hamjaona watu wazima wanavyogombania mlango! Mmoja katoka na viatu vya mwenziwe.

Asubuhi yake mke wa mmoja wa wale wageni akanijia. "Dada, mume wangu kaona aibu usiku mzima. Njoo twende baharini." Nikaenda, nikatia miguu majini, mara moja hiyo tu. Tulipofika Maskati ndipo bwana akanambia, "Umenidhalilisha mbele ya watu nilowakaribisha." Nikamwambia, "Na mie je, hukunikaribisha?"

Nimemwambia arudi Ghala, mafundi wamkatie mlango wa pili, basi, yaishe. Ati, "Gari yangu haikatwi kwa hasira za mwanamke." Kisha mbele ya mtoto wetu mkubwa akasema niombe radhi nipande, au ataoa anayejua kusafiri. Na huyo mtoto niliyemnyonyesha mwenyewe ananambia, "Mama, sema samahani tu, baba mtu mzima sasa." Na mie ni nani, mwanasesere? Nimemfukuza jikoni na njaa yake.

Msinambie nisali, nasali. Msinambie wanaume ndivyo walivyo, nimewazaa, nawajua. Na msinambie nimsamehe kabla hajakiri alonifanyia.

Ijumaa baada ya sala anaondoka kwenda Salala. Tangu asubuhi yupo uwani anaosha vioo vya karavani. Sasa hivi kaja mlango wa jikoni, hakunitazama usoni, kauliza, "Dawa zako za sukari umeshatia kwenye mkoba?" Nikamgeuzia mgongo, machozi yananitoka. Mtu huyu bado nampenda, na hilo ndilo linalozidi kunitia hasira. Hebu semeni nyie mnaosoma: nipande na samahani mdomoni kwa kosa ambalo si langu, au nimwache ende akaoe?